Besi na alkali: mpaka uko wapi hasa?

Kemia_Mbale:
Wakuu, salaam. Mtoto wa S.3 (kidato cha tatu) ameandika "alkali ni besi kali" akakatwa alama. Kosa ni lipi? Halafu chokaa iliyozimwa (kalsiamu haidroksaidi) inatuama chini ya chupa na bado inaitwa alkali, ila oksaidi ya shaba haiitwi. Nipeni jaribio la vifaa vichache.

FundiMaabara:
Amekatwa kwa haki. Ukali hauhusiki, maji ndiyo yanayoamua. Besi huivunja nguvu asidi, zikabaki chumvi na maji tu. Besi hiyo ikiyeyuka majini na kutoa ioni za haidroksaidi (OH⁻), ndipo inaitwa alkali. Amonia ni dhaifu: myeyusho wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) una pH 11 hivi (pH ikizidi 7 ni upande wa alkali), na wa sodiamu haidroksaidi wa kiwango hichohicho unafika 13. Zote mbili ni alkali.

Tia 1 g ya oksaidi nyeusi ya shaba katika 25 cm³ za maji yaliyotoneshwa, koroga dakika mbili, chuja. Chovya karatasi ya litmasi nyekundu, ambayo alkali huigeuza buluu, kwenye maji yaliyopita chujio: haibadiliki. Sasa 1 g nyingine, kidogokidogo, katika 25 cm³ za asidi ya salfuriki ya 2 M iliyopashwa moto bila kuchemka. Weusi unatoweka, kimiminika kinakuwa buluu. Basi ni besi, ila si alkali. Asidi hiyo inakula karibu 4 g, kwa hiyo anayetaka fuwele za salfeti ya shaba aongeze mpaka unga ukatae kuyeyuka, kisha achuje.

Maji ya bomba msiyatumie, mengine yana ualkali wake tayari.

Chokaa_Tororo:
Chokaa inayeyuka, ila kwa uchoyo: lita moja ya maji ya nyuzi 20 inapokea kama 1.7 g. Ukitia kijiko kizima, nyingi lazima ituame. Hicho kidogo kilichoyeyuka kinatosha kufikisha pH 12.4. Chukua maji maangavu ya juu, ufunge kizibo, kwa sababu yakikaa wazi yanavuta kabonidayoksaidi ya hewani, utando mweupe unatanda juu na litmasi inaanza kusitasita. Watu hulaumu litmasi bure! Chokaa ya dukani iliyokaa sana nayo hugeuka kaboneti. Idondoshee asidi, ikitoa povu jingi tafuta nyingine.

Atwona_Gulu:
Na maji ya majivu tunayopikia maharage? Yanageuza litmasi buluu.

FundiMaabara:
Swali zuri, ndipo wengi wanapoteleza. Humo mna hasa kaboneti ya potasiamu. Inachukua haidrojeni kutoka kwenye maji na kuacha OH⁻, ndiyo maana litmasi inageuka. Lakini ukitia asidi unapata chumvi, maji na gesi pia, kwa hiyo kwa tafsiri ya shuleni andika "chumvi ambayo myeyusho wake una tabia ya alkali". Ukitaka alkali yenyewe, koroga maji hayo na chokaa iliyozimwa: kaboneti ya kalsiamu inatuama, juu inabaki potasiamu haidroksaidi.

Chokaa_Tororo:
Hiyo ifanyike kwenye chombo cha plastiki au chuma cha pua. Sufuria ya alumini italiwa huku ikitoa haidrojeni. Vaeni glovu na miwani, na hayo si ya kupikia tena.