Herufi za msasa: watoto wanazijua zote, lakini "bata" inakuwa "bt"

mlezi_awali
Habari za kazi, walimu. Darasa ni la Montessori (mbinu ya Maria Montessori, mtoto hujifunza kwa kushika vifaa), miaka 3 hadi 6. Watoto wa miaka minne wanazitambua herufi zote za msasa (zilizobandikwa kwenye vibao ili wazipapase kwa vidole), ila wakipewa herufi za kupanga, zile za moja moja za kisandukuni, waandike "bata" wanaweka b na t basi. Kosa liko wapi? Na ch, ng' na wenzake wanahitaji vibao vyao?

sauti_kwanza
Salama, mwalimu. Hao wamezoeshwa kuita b "ba" au "be". Kwao irabu imeshamo ndani ya kibao, waiongeze ya nini? Itamke kwa kuikata: midomo ikifunguka tu, sauti imekwisha. Kwa wanaoanza, tanguliza m, s na a, kwa sababu m na s zinavutika, mmmm, ssss, bila kuomba irabu.

Somo moja sauti mbili au tatu, zisizofanana kwa umbo wala kwa sikio. B na d usiziweke pamoja kabisa. Halafu zile hatua tatu za somo: "Hii ni m." "Nionyeshe m." "Hii ni nini?" Wengi wetu tunaikimbilia ya tatu, na hapo ndipo tunapoharibu. Kaa kwenye ya pili: "weka s mkekani", "nipe a", "pitisha vidole kwenye m". Akikwama ya tatu usimsahihishe. Funga somo kwa upole, urudie siku nyingine.

fundi_vifaa
Vibao: c peke yake, q na x achana navyo. Tengeneza ch, dh, gh, kh, ny, ng', sh na th, kila sauti kibao kimoja. Mb, nd, nj hazihitaji; anayeisikia vizuri "mbuzi" atapanga m-b-u-z-i mwenyewe. Ng ya ngoma ataipanga n-g. Ng' ya ng'ombe ni sauti moja.

Msasa uwe laini. Ukikwaruza, mtoto anainua vidole na mkono haujifunzi njia ya herufi.

Hesabu pia herufi a kwenye kisanduku cha herufi za kupanga. Bata, paka, taa, kaka na sahani tu zinamaliza 10.

mlezi_awali
Asanteni sana. Wazazi wanadai penseli na daftari sasa hivi.

sauti_kwanza
Waonyeshe mtoto akipanga maneno. Montessori aliuona umri wa 0 hadi 6 kuwa wa kujifunza kwa mikono na milango ya fahamu, na kwake kuandika kunatangulia kusoma. Kidole cha miaka minne kinaweza kufuata msasa kabla hakijaweza kuiongoza penseli. Penseli ianzie kwenye fremu za chuma za maumbo: mtoto anazungushia umbo, kisha analijaza mistari kutoka kushoto kwenda kulia.