Msaada tutani: kufungua madirisha mawili ya DOS kwa mpigo kwenye Windows 98

DukaUyole:
Habari za jioni wakuu. Niko Uyole hapa Mbeya, nina duka la pembejeo, mbolea, mbegu, dawa za ukungu wa viazi na vitu kama hivyo. Kwenye kaunta kuna mashine ya mezani Pentium II ina Windows 98 na programu mbili za DOS (ule mfumo wa zamani wa kuandika amri kwenye skrini nyeusi) ambazo jamaa mmoja alitutengenezea zamani hizo, moja ni Mauzo nyingine ni Stoo, zinapiga kazi mpaka leo na wala sijaona sababu ya kuzitoa, kwa hiyo wale wa "nunua laptop bosi" naomba mpite kimya kimya.

Shida yangu ni hivi. Kijana akifika asubuhi inabidi afungue MS-DOS Prompt, aandike cd duka, aandike mauzo, halafu afungue dirisha lingine arudie yote kwa ajili ya stoo. Umeme ukikatika, na masika huku kwetu mnakujua, anaanza upya na mteja kasimama na pesa mkononi. Nikaona niandike faili la bat (orodha ya amri zinazotekelezwa mstari kwa mstari) liwe linafungua zote kwa mpigo, nikaweka hivi:

@echo off
cd \duka
mauzo
stoo

Inafungua Mauzo peke yake. Stoo haiji mpaka utoke kwenye Mauzo. Kuna amri ya kuiambia hii fungua kwenye dirisha jipya halafu endelea na mstari unaofuata? Nawasilisha.

Chizi_wa_Soweto:
Ngoja waje wataalamu, mi nimekaa pale kwenye benchi. Ila mkuu Windows 98 bado unayo kweli? Heshima kwako.

fundi_Mwanjelwa:
Hiyo rahisi tu kaka, tumia start. Andika hivi kwenye bat yako:

start "Mauzo" cmd /k mauzo
start "Stoo" cmd /k stoo

Yale maneno kwenye alama za kunukuu ndio yanakuwa kichwa cha dirisha. Mi natumia hivyo ofisini kila siku.

DukaUyole:
Asante fundi lakini imegoma, inalalamika haioni faili linaloitwa Mauzo. Nikatoa yale maneno ya kwenye alama nikabakiza cmd, napo inasema haioni cmd.

Mnyalukolo_Mafinga:
Kamwene wote. Fundi wa Mwanjelwa katoa jibu la Windows XP, na kwenye XP liko sahihi kabisa, ila 98 ni mnyama mwingine. Jina la amri ni lile lile, start, lakini tabia si moja.

Kwenye XP na ndugu zake wa ukoo wa NT, start imo ndani ya cmd yenyewe (programu inayosoma amri zako), na kitu cha kwanza ukikiweka kwenye alama za kunukuu anakichukulia ni kichwa cha dirisha (ndio maana kuna watu wanaweka njia ya programu kwenye alama wanaletewa dirisha jeusi tupu halafu wanakuja kulia kwenye majukwaa). Kwenye 95 na 98 hamna cmd, kuna COMMAND.COM, na start ni faili la kujitegemea linaitwa START.EXE, utalikuta kwenye C:\WINDOWS\COMMAND. Hilo halijui habari za kichwa cha dirisha, ukimwekea "Mauzo" anatoka kwenda kutafuta kitu kinachoitwa Mauzo akifungue. Vitu anavyovielewa ni vichache: /m dirisha lifunguke limeshushwa chini, /max lifunguke limejaa skrini, /r lifunguke kawaida, na /w asubiri mpaka lifungwe ndio aendelee. Basi.

Sasa kwako ningefanya hivi. Tengeneza mabat mawili madogo ndani ya C:\DUKA. La kwanza liite M.BAT:

@echo off
c:
cd \duka
mauzo

La pili S.BAT hivyo hivyo ila mwisho weka stoo. Halafu lile kubwa la asubuhi:

@echo off
start command /c c:\duka\m.bat
start command /c c:\duka\s.bat

Hapo kila start inazaa dirisha lake na mstari unaofuata unaendelea bila kungoja mtu. Nimekuwekea cd ndani ya kila bat kwa makusudi, ili kila dirisha lijipeleke lenyewe kwenye folda yake hata kama limeitwa kutoka wapi sijui.

Kuhusu ile yako ya mwanzo, DOS hii yenyewe haijui kazi mbili kwa mpigo, ukimpa programu anakaa nayo mpaka iishe. Na kama hiyo mauzo yenyewe ingekuwa ni bat badala ya exe basi stoo usingeiona milele, maana bat ikiita bat bila kuandika call mbele hairudi tena nyumbani. Anayeleta madirisha mengi ni Windows juu yake, kila dirisha la DOS analitengenezea kompyuta ya kuigiza yenye kilobaiti zake 640 za kwake, uwezo uliokuja na prosesa ya Intel 386 ya mwaka 1985. Kwa hiyo Mauzo anajiona yuko peke yake duniani na Stoo naye hivyo hivyo. Ndio maana ukiwasha mashine kwa F8 ukachagua kuingia kwenye DOS tupu, start haikusaidii kitu, hamna Windows ya kumletea hilo dirisha.

DukaUyole:
Mnyalukolo ndaga fijo! Zimefunguka zote mbili. Maswali mawili tu. Moja, nilijaribu kwanza start m.bat bila kuweka command, nikitoka kwenye programu dirisha linabaki limeganda juu limeandikwa Finished, ile ni nini? Pili, yanafunguka yamelaliana, nataka Mauzo ikae juu na Stoo ikae chini nione zote, start inaweza?

Mnyalukolo_Mafinga:
Ile Finished ni kawaida ya 95 na 98, programu imeisha ila dirisha linakungoja ulifunge mwenyewe. Ukitumia command /c linajifunga, ukitumia command /k linabaki wazi na alama ya kuandikia amri, hiyo /k nzuri wakati unatafuta kosa maana unasoma ujumbe kabla haujapotea.

Mahali pa kukaa, start ya 98 haina. Ila kuna njia ya pembeni. Bofya M.BAT kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, pale kwenye Program weka tiki Close on exit, kwenye Font chagua herufi ndogo ili dirisha lipungue, kwenye Screen chagua Window. Ukikubali anazaa faili la PIF pembeni ya bat, na hilo ndio linatunza mapendekezo yako. Baada ya hapo mstari wa asubuhi unaweza kuwa start c:\duka\m.pif. Ukubwa utakaa, kuburuza moja juu moja chini atafanya kijana kwa mausi.

Ngosi_Tukuyu:
Ugonile. Samahani naingilia, mi ni mgonjwa wa kompyuta za zamani na hapo kwenye mahali pa kukaa nimeshindwa kunyamaza 😂

Kwenye Amiga, kompyuta ya kampuni ya Commodore, hilo walishalimaliza mwaka 1985. Amri inaitwa NEWCLI, unaandika mwenyewe dirisha lianzie wapi na liwe na ukubwa gani na juu liandikwe nini. Mfano wa ndugu wa Uyole ungekuwa:

NEWCLI CON:0/0/640/128/Mauzo
NEWCLI CON:0/128/640/128/Stoo

Namba ni kushoto, juu, upana, kimo, halafu kichwa. Skrini ya Workbench (meza ya kazi ya Amiga) kwa mfumo wa TV wa PAL ni 640 kwa 256, kwa hiyo hapo umeikata katikati kama mkate, moja juu moja chini. Kufunga unaandika ENDCLI. Toleo la 1.3 likaja na NEWSHELL ambayo ukibonyeza mshale wa juu inakurudishia amri zilizopita. Na hayo yote kwenye Amiga 500 ya mwaka 1987 yenye kilobaiti 512 za memori! Commodore wakafilisika 1994 na sisi huku tukabaki kuburuza madirisha kwa mausi. Mi nacheza nayo kwenye WinUAE (programu ya kuiigiza Amiga) maana mashine yenyewe sijawahi kuitia mkononi.

fundi_Mwanjelwa:
Ngosi wewe sasa unamwambia mtu wa mbolea akatafute Amiga 🤣

Ngosi_Tukuyu:
Sijamwambia akatafute, nimemwambia ilikuwepo.

DukaUyole:
Hahaha imenifurahisha lakini. Basi nitaburuza. Swali la mwisho Mnyalukolo, umeme ukikatika huwa naendesha kwanza programu inaitwa panga, inapanga upya indeksi, ndio nafungua Mauzo. Niiweke na start /w?

Mnyalukolo_Mafinga:
Hapana, hiyo iandike tupu bila start. Panga ni programu ya DOS, bat itaisubiri yenyewe. Ile /w inafaa kwa programu za Windows, mfano notepad, maana hizo bat inazifungua na kupita bila kuangalia nyuma.

@echo off
c:
cd \duka
panga
start c:\duka\m.pif
start c:\duka\s.pif

Halafu weka shotikati ya hilo bat kwenye folda ya StartUp, iko C:\WINDOWS\Start Menu\Programs. Umeme ukirudi, mashine ikamaliza ScanDisk yake (ukaguzi wa diski), Windows ikiingia tu kila kitu kinafunguka na kijana hagusi kitu. Tahadhari moja, panga isikimbie wakati Mauzo au Stoo iko wazi, utavuruga data. Na usichape risiti kutoka madirisha yote mawili kwa wakati mmoja kama printa ni ile ya nukta iliyochomekwa kwenye tundu la printa la LPT1, watagombania.

Una bakapu lakini? Hard disk ya umri huo siiamini, na flashi 98 haiitambui bila kuiwekea draiva.

DukaUyole:
Bakapu ni CD tunachoma kila Jumamosi. Imekubali mkuu, nimezima swichi ya ukutani makusudi kujaribu, imerudi na zote mbili ziko wazi.

Mnyalukolo_Mafinga:
Usizime tena ukutani mzee, fuata Shut Down kama watu.