“Jaribu kuangalia antena”: ameniandikia hivyo kwa antena yangu mwenyewe

Mkaa_Juu

Wakuu, nimeshuka paani sasa hivi, mikono ingali na vumbi, na ninaandika kabla ya kunawa kwa kuwa nikinawa nitapoa, nami sitaki kupoa. Mhusika sina haja ya kumtaja. Sote humu tulio na nodi, yaani redio ndogo zinazopokezana ujumbe hadi ufike mbali, tunamjua: ni yule anayemjibu kila mgeni “soma kwanza”, yule ambaye jina la nodi yake ni refu kuliko ujumbe wowote aliowahi kuutuma, yule ambaye akipima voltiji ya betri lazima dunia nzima itangaziwe.

Leo alasiri amenitumia ujumbe kwenye chaneli ya wote, mbele ya kila mwenye redio, wenye maneno haya: “Nodi yako ya paani inasikika kwa shida leo. Jaribu kuangalia antena.” Nikapanda kuiangalia antena. Antena haikuwapo.

Naomba mnielewe vizuri. Haikuwa imelegea, wala haikung’olewa na upepo, wala ndege hakuivunja. Ilikuwa hatua mbili kutoka pale, juu ya mlingoti wa huyo bwana, imefungwa kwenye nodi yake mpya, na ule mviringo wa rangi nyekundu nilioupaka kwa mkono wangu kwenye shina lake ukiniangalia. Yaani ushauri wa kuniambia niangalie antena aliutuma kwa antena yangu. Maneno hayo yalipanda kwenye shina langu, yakaupita mviringo wangu mwekundu, yakaruka hewani na kunifikia mimi mwenye mali.

Nodi ile ilinichukua miezi mitatu kuijenga. Nilianza na bodi yenye chipu ya ESP32, ambayo ilikuwa ikila karibu miliampea 100 usiku na mchana, na betri moja ya 18650 yenye miliampea-saa 3,000 haikuwahi kuliona jua la siku ya tatu bila kusaidiwa. Nikahamia bodi yenye chipu ya nRF52840, ambayo kwa wastani hula karibu miliampea 10, yaani miliampea-saa 240 kwa siku, na betri ileile ikaweza kukaa zaidi ya siku kumi hata mawingu yakitanda. Paneli niliihamisha mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa ikipata kivuli cha mlingoti wake yenyewe, kivuli chembamba kama kamba ya kiatu, na kivuli hicho kilipogusa seli chache tu umeme wa paneli nzima uliporomoka, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfuatano na zilizo kivulini huzibana nyingine zote. Nililijua hilo kwa kukaa juu ya paa tangu asubuhi hadi jioni nikiwa na mita mkononi na kuandika namba kila nusu saa, hadi ngozi ya shingo ikabambuka. Kisanduku cha kwanza nilikichapisha kwa plastiki ya PLA, jua likakipinda kama jani motoni, nikaanza upya kwa ASA, plastiki inayostahimili jua.

Baada ya hapo nodi ilikaa hewani siku 213 bila kuzimika hata mara moja, na kwa siku hizo zote ujumbe wa huyo bwana ulikuwa ukipita humo kwenda upande wa pili wa kilima, kwa maana nyumbani kwake mwenyewe hakuoni popote.

Kinachonichoma zaidi ni jinsi alivyofanya. Aliikata kwa kisu tepu ya mpira niliyokizungushia kiungio ili maji yasiingie, akaifungua antena huku nodi ikiwa hai, akaiacha hivyo na kushuka. Redio haina macho. Zamu yake ya kutuma ikifika hutuma, na nguvu isiyopata pa kutokea hurudi nyuma kwenye kikuza nguvu, ambacho kinaweza kuharibika. Angebisha hodi ningempa antena ya akiba. Angekuwa hana kabisa, robo ya wimbi kwenye megahezi 868 ni sentimita 8.6, na kwenye 915 ni sentimita 8.2, kipande cha waya mgumu kilichokatwa kwa kipimo kingemtosha kwa kuanzia, na si mtu wa kuambiwa hayo, kwa kuwa yeye ndiye anayewaambia wengine wasome kwanza.

Hakubisha hodi. Alishuka, akakaa, pengine akanywa na maji, kisha akaandika: “Jaribu kuangalia antena.”

Sikio_la_Tai

Pole sana, mkuu. Ule ujumbe niliuona, na nilishangaa kwamba nodi yake imekuwa safi ghafla. Jana uwiano wa ishara na kelele kutoka kwake ulikuwa -14 kwangu, leo ni +6. Nilidhani hatimaye amejifunza kujenga. Sasa najua zile desibeli 20 zimetoka kwa nani.

Mita_Mkononi

Mleta uzi, umeomboleza kama aliyefiwa, na aliyekufa ni kijiti kirefu kidogo kuliko kalamu. Chipu ya redio ya SX1262 mwisho wa nguvu yake ya kutuma ni dBm 22, yaani kama miliwati 160. Hiyo si redio ya meli. Mara nyingi hupona hata ikituma bila antena kwa saa kadhaa. Ifunge nyingine, pima, ulale.

Halafu nijibu moja: ulikuwa juu, antena yako ilikuwa hatua mbili, na bila shaka ulikuwa na spana. Kwa nini hukuichukua?

Mkaa_Juu

Sikuichukua kwa sababu nodi yake ilikuwa inatuma, na swichi yake iko ndani ya kisanduku alichokitia kufuli. Ningeifungua antena wakati ule, ningeifanyia redio yake kile alichoifanyia yangu, na redio yake haijanikosea kitu. Yangu nimeichomoa paneli na betri, nikakifunika kiungio kwa mfuko na kamba, nikashuka.

Unasema mara nyingi hupona. Mimi sina nyingi, ninayo moja. Na hata kama itapona, haiondoi yale maneno. Mtu ameichukua, anaishika, anaitumia, halafu ananiambia niiangalie!

Ruta_si_Cheo

Kwa kuwa ametajwa, nami niseme langu. Ile nodi yake mpya ameipa jukumu la ruta. Nodi ya kawaida ikipokea ujumbe husubiri kidogo, na ikisikia mwenzake ameshaurudia hunyamaza. Ruta hainyamazi: hurudia kila kitu, tena hutangulia. Ujumbe kwa kawaida huondoka na miruko 3 tu, yaani unaweza kurudiwa na nodi za njiani mara tatu, kwa hiyo ruta iliyowekwa mahali pabaya huula mruko mmoja bure, na nodi iliyoko pazuri ikishamsikia aliyetangulia hukaa kimya. Tangu asubuhi nimetuma ujumbe mara tisa kwenda ng’ambo na haujafika hata mmoja. Hilo ndilo kosa lake kubwa, na antena ni jambo dogo.

Betri_Haijai

Hapo siko nawe, mkuu. Paa lile ni la juu kuliko yote tuliyo nayo, na mahali pa ruta ni palepale. Wanaotuua ni waliopandisha miruko hadi 7, kisha wakaweka vipimo vya hali ya hewa vitumwe kila dakika. Kwenye LongFast, mpangilio wa kasi ambao redio zetu zinautumia, tunagawana kama kilobiti 1 kwa sekunde, na ujumbe mrefu mmoja unaweza kuishika hewa zaidi ya sekunde nzima. Yuko mmoja humu anayetuambia joto la jikoni kwake mchana kutwa. Sitamtaja.

Sikio_la_Tai

Kama ninasemwa mimi, kile kipimo kiko sebuleni, na nilishakipunguza hadi kila nusu saa.

Ruta_si_Cheo

Betri_Haijai, paa ni la juu, lakini yeye ameufunga mlingoti wake nyuma ya tangi la maji. Upande mzima wa mashariki haumwoni. Ruta iliyojificha nyuma ya tangi lililojaa maji inamhudumia nani? Nodi ya mleta uzi ilikuwa ukingoni, inaona pande zote, na ilikuwa kwenye jukumu la kawaida. Tulikuwa tukifika kila mahali.

Mkaa_Juu

Ahsante. Ilikuwa ukingoni kwa sababu niliubeba ule mlingoti mwenyewe. Na sasa antena iliyokuwa ukingoni inatazama tangi.

Mita_Mkononi

Kwa hiyo hata yeye haijamfaa. Basi msubiri aje kulalamika humu kwamba haifiki mbali, umwambie ajaribu kuangalia antena.

Ila tukizungumzia hasara, mimi mwaka huu nimepoteza zaidi kwenye waya kuliko mlivyopoteza nyote kwa wezi. Niliambiwa humuhumu, na mtu anayejiita fundi, kwamba nikiweka nodi ndani na kupandisha antena paani kwa mita 10 za waya mwembamba wa RG174, mambo yatakuwa shwari. Waya huo kwenye masafa haya hupoteza kama desibeli moja kwa kila mita. Nilikuwa ninapasha joto waya. Nodi inapanda juu pamoja na antena yake, waya ukiwa mfupi kadiri inavyowezekana, na ndiyo sababu hasa tunahangaika na sola.

Betri_Haijai

Sola nayo ina mambo yake, na hayo hayasemwi na anayekuuzia. Yangu ilipitia wiki ya mawingu, betri ikaisha kabisa. Jua liliporudi, bodi iliamka na chaji kidogo mno, ikajaribu kutuma, voltiji ikaanguka, ikazima, ikaamka tena, ikazima tena, mchana kutwa, kila ilichopata asubuhi ikakimaliza kwa kuamka. Siku ya nne nilipanda na kuikuta betri ina volti 2.9. Tangu hapo naweka kikata umeme kinachoiacha bodi imelala hadi betri ipande juu vya kutosha ndipo kiiruhusu iwake.

Sikio_la_Tai

Hiyo betri ni ya lithiamu ya kawaida au ya LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti)? Maana kikata umeme cha moja hakiifai nyingine. Ya kawaida ikijaa ni volti 4.2, LiFePO4 hujaa kwenye 3.65, na kuna mwenzetu aliyeweka chaja ya 4.2 kwenye LiFePO4 kisha akatulaumu sisi.

Mkaa_Juu

Wakuu, nawakumbusha kwamba uzi huu unahusu antena yangu. Ina mviringo mwekundu. Bado iko kwenye mlingoti wake ninapoandika, na dakika mbili zilizopita ametuma salamu za jioni kupitia kwayo.

Betri_Haijai

Ni ya kawaida, Sikio_la_Tai. LiFePO4 nimeiagiza. Kwa zote mbili, penye baridi ya kugandisha usiichaji chini ya nyuzi sifuri, mradi tu ikumbukwe.

Tone_la_Asubuhi

Samahani kwa kuchelewa, nimeusoma uzi wote. Mleta uzi, kabla hujapanda kesho kuifunga antena nyingine, kisanduku chako kina tundu la kupumulia? Changu nilikiziba kwa silikoni pande zote, nikajisifu kwamba hakiingii hata unyevu. Mchana hewa ya ndani ilipata joto, ikatanuka na kupenya kwenye mpira wa waya; usiku ikapoa na kuvuta unyevu wa nje kupitia palepale, na unyevu huo haukupata pa kutokea. Baada ya miezi miwili nilipokifungua maji yalinimwagikia kiganjani, na pini za kiungio zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Sasa natoboa tundu dogo upande wa chini na kuweka kizibo chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji.

Ruta_si_Cheo

Utando wa aina gani, mkuu? Na tundu la milimita ngapi?