Tupeane uzoefu: marathoni chini ya saa tatu, na Jumatatu uko kazini

Raba za Njoro

Wadau, habari za jioni. Habari za mabingwa tunazo za kutosha. Ninaowatafuta hapa ni watu wa mishahara na biashara ndogo, wale wanaokimbia gizani na saa mbili asubuhi wameshafungua duka.

Mimi niko Nakuru, upande wa Njoro, nina agrovet, duka la dawa za mifugo. Miaka thelathini na minane. Nusu marathoni yangu bora ni 1:27, marathoni kamili 3:16. Oktoba nataka nishuke chini ya saa tatu pale Nairobi.

Nikiyasema haya mtaani nachekwa pande mbili. Asiyejua mbio anauliza gari nitanunua lini, maana Kenya hii ukionekana na kaptura alfajiri basi unaenda Berlin. Anayejua mbio naye anasema saa tatu ni muda wa wageni walio likizoni. Kuna kijana hunipita barabara ya Mau Narok siku anayopumzisha miguu, na hunisalimia vizuri kabisa, "Mzee, kazana!", bila hata kuhema.

Hesabu nimeipiga. Kilomita ni 42 na mita 195. Ukishikilia 4:16, yaani dakika 4 na sekunde 16, kwa kila kilomita unamaliza 3:00:02. Hizo sekunde mbili ndizo zinaninyima usingizi. Kwa hiyo lazima iwe 4:15, na hapo hujasimama kufunga kamba ya kiatu wala kumpisha mtu kwenye meza ya maji.

Nani amefika, kwa mazoezi gani, na kazi yake ilikaaje? Hata kama lengo lako si saa tatu, leta.

Mwalimu Mstaafu

Kijana wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya Oktoba. Wengi huuliza Novemba.

Nilifundisha hisabati huko Molo, kwa hiyo niruhusu nianze na namba. Chukua muda wako wa nusu, zidisha mara mbili, ongeza dakika kumi. 1:27 inakupa 3:04, na hiyo ni kama mbio ndefu umezifanya sawasawa. Ukitaka saa tatu bila kubahatisha, nusu yako ishuke kwanza hadi 1:25 au chini. Mimi nilikimbia 2:57 nikiwa na miaka 43, na wakati huo nusu yangu ilikuwa 1:23.

Huyo kijana wa Mau Narok usimfuate hata hatua kumi. Eliud Kipchoge alipoandika 2:01:09 Berlin mwaka 2022 alikuwa anaimaliza kilomita kwa dakika 2 na sekunde 52 hivi. Mtu wa kiwango hicho akikimbia 4:15 anapiga gumzo. Kwako 4:15 ni siku ya mashindano. Ukimfuata kwenye gumzo lake mara nne kwa wiki, wewe unashindana mara nne kwa wiki, halafu unashangaa kwa nini Jumapili miguu ni mbao.

Tena hao wakubwa wenyewe hawakimbizani kila siku. Simama Iten, ule mji wa mabingwa, alfajiri uangalie kundi likitoka. Mwanzoni wanajikokota, unaweza kudhani wanatumwa dukani, kisha wanapanda kidogo kidogo. Mazoezi ya moto yana siku zake. Fatleki ya Alhamisi, ile ya kubadilisha kasi na pole kwa zamu, kila mtu anaijua.

Yangu yalikuwa hivi. Jumanne uwanjani, vipande vya kilomita moja kwa 4:00 na pumziko fupi katikati. Alhamisi tempo, kilomita kumi hadi kumi na tano kwa kasi ambayo unaweza kujibu "ndiyo" au "hapana" na si zaidi. Jumapili mbio ndefu, thelathini na kidogo, na zile kumi za mwisho kwa 4:15 ukiwa umeshachoka. Hiyo ndiyo siku inayojenga marathoni. Ukikosa nyingine, hii usikose. Siku zilizobaki ni pole, 5:30 au hata 6:00, mpaka mama mwenye punda akupite na usione haya. Jumatatu sikukimbia kabisa. Nilikuwa na vipindi vitatu kabla ya chai ya saa nne.

Wa Mwisho Azime Taa

Lengo langu ni kufika kabla hawajaondoa meza za maji. Endeleeni.

Omera wa Dunga

Mwalimu amemaliza. Niongeze ya huku ziwani.

Natafuta 3:30, yaani 4:58 kwa kilomita. Shida ya Kisumu ni mbili na zinavutana. Kwanza joto. Saa moja asubuhi jua limeshakaa mabegani, na hewa ya ziwa ni nzito, jasho halikauki. Kasi ambayo kwa mtu wa Njoro ni ya pole, hapa moyo unadunda kana kwamba unapanda kilima cha Riat. Nilishaacha kuitazama saa siku za joto. Naenda kwa pumzi: nikishindwa kusema sentensi nzima, napunguza. Joto lenyewe lina faida yake, mwili ukilizoea damu inaongeza maji na moyo unafanya kazi kwa nafuu, ila lazima ulizoee taratibu.

Pili, sisi tuko chini. Kisumu ni kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nairobi inapita 1,700. Ukitoka hapa na namba zako za Kisumu ukaziweka Nairobi bila kupunguza, Southern Bypass, barabara ya mbio zenyewe, itakuonyesha. Ile barabara ina vilima virefu visivyoonekana kwa macho, miguu ndiyo inavijua. Wewe wa Nakuru uko mita 1,850 hivi, umetushinda hapo.

Na ukija kukimbia kando ya ziwa usitoke mapema sana. Kuna kiboko anayerudi majini alfajiri, na siku hiyo utafanya intavali, vile vipande vya kasi, ambazo Mwalimu hakukupangia.

Viatu navitoa Kibuye. Soko la Jumapili, lakini nenda mapema. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kunja. Kiatu kizima kinapinda penye vidole. Kikipinda katikati, rudisha. Tazama ubavu wa soli: mikunjo mingi iliyobanana maana yake sponji imekufa, hata kama juu kinang'aa. Kisha kiweke juu ya meza ukiangalie kwa nyuma. Kikilala upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alikuwa na mwendo wake na sasa anakuachia goti lake. Vile vya mashindano, vyenye bamba la kaboni ndani ya soli, vikifika mitumba mara nyingi vimeshamaliza kazi, usidanganywe na jina.

Sister wa Zamu

Mulembe. Kakamega hapa, muuguzi, mama wa pacha. Natafuta chini ya saa nne, 5:40 kwa kilomita.

Kaka zangu mnaongelea kukimbia alfajiri gizani kana kwamba giza ni la kila mtu. Mimi siwezi kuingia barabara ya miwa peke yangu saa hiyo. Nikitoka zamu ya usiku nalala hadi saa sita, jioni naenda uwanja wa Bukhungu nazunguka. Mzunguko unachosha akili kuliko miguu, lakini kuna watu na kuna mwanga. Mbio ndefu nasubiri Jumapili, tuko wanawake watatu, tunaelekea upande wa msitu asubuhi kukiwa kweupe. Kutoka nyumbani najifunga leso juu ya suruali ya mazoezi mpaka nipite kwa mama mkwe, kisha naikunja naiweka kiunoni. Bado wapo wanaouliza anayenifukuza ni nani.

Sasa mambo ya kazi yangu. Dada, ukiona kasi inashuka mwezi baada ya mwezi, ngazi za nyumba zinakutoa pumzi na kucha zimepauka, usiongeze mazoezi. Kapime damu. Wanawake tunapoteza madini ya chuma kila mwezi, na mbio zinaongeza upungufu. Mimi nilikutwa nimeshuka sana na nikawekwa kwenye dawa. Lakini pima kwanza. Vidonge vya chuma si peremende, vikizidi vina madhara. Na usivimeze na chai, chai inazuia chuma kuingia mwilini. Najua kwa Mluhya hilo ni gumu.

Lingine: acheni kumeza dawa za maumivu asubuhi ya mbio ili goti linyamaze. Ibuprofen na mwili uliokauka maji ni mzigo kwa figo. Na maji yenyewe yasizidi. Mtu anayekunywa kila meza kwa hofu, na anakimbia kwa muda wa saa tano, anaweza kuishusha chumvi ya damu mpaka akaanguka. Kunywa ukiwa na kiu.

Iten si Mbali

Maneno mengi. Chukua likizo, panda Iten, mita 2,400, kaa wiki tatu na vijana, ukishuka saa tatu ni mteremko tu.

Raba za Njoro

Likizo yangu ni nani atauza dawa ya kupe? Msimu wenyewe wa mvua wateja wanapiga foleni.

Mwalimu Mstaafu

Iten si mbaya, lakini wiki ya kwanza kule miguu haitii, ya pili ndiyo unaanza kuelewa, ya tatu unafunga begi. Na hewa haikusaidii kitu kama umeenda kufukuzana na watu wanaomaliza marathoni kwa 2:10. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi na kano ya kisigino imevimba, akakaa nje ya mbio hadi mwaka uliofuata. Kwa mtu wa Njoro aliye na kazi, ningemwambia alale saa tatu usiku. Ni bure.

Fundi Section 58

Mimi ni fundi wa vyuma hapa Nakuru, nasimama kutwa. Nimeshakosa saa tatu kwa karibu sana, na niwaeleze ilivyokuwa maana hakuna anayeielezea hii.

Usiku wa kuamkia mbio niliandika muda kwenye mkono kwa kalamu ya wino: kilomita tano 21:15, kumi 42:30, nusu 1:29:40, thelathini 2:07:30, arobaini 2:50:00. Juu yake nikabandika utepe wa selo, kwa sababu jasho linafuta. Kwa saa yangu ya mkononi, ile inayopima umbali, nilipita kila kilomita hizo ndani ya muda. Nusu ya kwanza kuna kundi lilitoka kwa 4:05, vijana wanaongea, wananiita. Nikabaki. Nilikuwa nimeangalia namba za Kelvin Kiptum, Mungu amlaze pema, Chicago 2023: nusu ya kwanza 60:48, ya pili 59:47, ndiyo ikawa 2:00:35. Kama aliyevunja rekodi ya dunia siku hiyo aliweka akiba, mimi wa kulehemu ni nani?

Kilomita ya 33 nikaanza kuwakuta wale wa 4:05, mmoja mmoja. Wengine wanatembea, mmoja ameshika paja amebanwa na misuli. Sukari ya kwenye misuli inakaribia kuisha hapo. Mwili unageukia mafuta, na mafuta yanawaka polepole. Mimi nilikuwa nimekunywa glukosi tangu kilomita ya saba, kidogo kidogo kutoka chupa ndogo ya dawa ya kikohozi niliyoiosha, kabla sijaona njaa yoyote. Nilikuwa nimeijaribu Jumapili zote kwanza, maana tumbo nalo lina maoni yake.

Basi saa yangu ikalia kilomita 42.2, nikaitazama: 2:59 na sekunde ishirini na kitu. Nikainua mikono. Kutazama mbele, utepe uko kule, karibu mita mia tatu. Njia ya marathoni hupimwa kwa mstari mfupi kabisa, kona kwa kona. Wewe ukipita nje ya kona, ukimkwepa huyu, ukihama upande kufuata maji, unakimbia 42.5. Saa yangu haikudanganya, ila ilipima safari yangu, si yao. Nikamaliza 3:00:38.

Kwa hiyo usipange 4:15. Panga 4:13, na ushike kona za ndani. Barabara ikijipinda kulia, wewe kulia.

Wa Mwisho Azime Taa

Sekunde 38? Mimi ningekata rufaa.

Raba za Njoro

Nimesoma zote. Nimeongea na mama watoto na tumekubaliana Oktoba naenda kwa 3:05, kila kilomita kwa 4:22 hivi, nione nusu ya pili inasemaje. Saa tatu naisogeza mwakani, baada ya kushusha nusu. Mwalimu, Jumapili niko tayari, unitafutie mama mwenye punda.

Swali dogo kwa Sister. Kucha za vidole gumba zote mbili zimekuwa nyeusi tangu nianze mbio ndefu, na moja inacheza. Niing'oe?

Sister wa Zamu

Usiing'oe. Ifunike kwa plasta, itatoka yenyewe wakati mpya imeshaota chini. Ikiuma na kutunga usaha, nenda kituo cha afya. Na viatu vyako ni vidogo: ukisimama, kidole gumba kiwe na nafasi ya upana wa kidole kimoja mbele. Ukienda Kibuye na Omera, nenda jioni baada ya kukimbia, miguu ikiwa imevimba.

Omera wa Dunga

Jioni utakuta zimebaki slipa, Sister. Aje asubuhi na soksi mbili.