Mentor wa biashara anasaidia nini hasa?

achari_moro: Wakuu habarini, nipo Morogoro natengeneza achari na pilipili ya chupa, wateja wapo ila nikitaka kukuza naona giza, watu wananiambia tafuta mentor kwanza kabla ya mkopo, huyo mtu anasaidia nini na anapatikana wapi?

mzoefu_kkoo: Mkuu usikope kwanza. Mentor mzuri anakuuliza vitu ambavyo ndugu zako hawakuulizi, mfano chupa moja inakula sh ngapi ukijumlisha mkaa, lebo na muda wako. Mimi alinishika mkono mzee mmoja wa duka la jumla, hakunipa hata mia ila alinifundisha kutenganisha hela ya nyumbani na ya biashara, hapo ndo nikaanza kuiona faida yenyewe.

dada_viungo: Nenda SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, mkoani kwako, wapo tangu 1973 na usindikaji wanaujua, watakuelekeza na habari za alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango). Pia Tony Elumelu Foundation ya Nigeria wanachukua wajasiriamali Afrika nzima, ukichaguliwa unapata mafunzo, mentor na mtaji dola 5,000. Ila mtu akitaka umlipe kwanza ndo awe mentor wako, kimbia!!

achari_moro: Asanteni sana, j3 naenda SIDO. Dada nibebe na sampuli?

dada_viungo: Beba, na daftari la mauzo pia.