Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo: anayemwona Mungu pale ufukweni amepotea?

Mama_Kibirizi
Naleta hoja iliyotugawa kwenye jumuiya yetu hapa Kigoma. Kuna mzee mmoja aliyeacha kuja ibadani. Hajahama dhehebu, hajarudia pombe. Kila jioni anashuka ziwani, anakaa kwenye mwamba, anatazama jua linavyoingia nyuma ya milima ya Kongo mpaka giza lishike, kisha anapanda kwenda kulala. Alipofuatwa akajibu kwamba pale ndipo anapokutana na Mungu. Wenzangu wanataka ahesabiwe amepotea. Mimi nakataa. Zaburi ya 19 imeanza bila kuzunguka: mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu. Kama mbingu zinahubiri, mzee huyu anahudhuria mahubiri kuliko sisi. Na anayeijua jioni ya Kigoma ananielewa, upepo ukishakata na maji yakawa rangi ya shaba, halafu zambarau, milima ya ng'ambo ikabaki kivuli. Mimi hapo magoti yanataka kupigwa yenyewe. Mnasemaje?

Mwana_Ujiji
Mama, heshima yako. Sisi wa Ujiji tunaliona jua hilohilo na tunalipenda. Ila Nabii Ibrahimu alishatumalizia kazi hii, ipo kwenye Surat Al-An'am. Aliona nyota, akaona mwezi, akaona jua, na kila kimoja kilipotua akakiacha, akauelekeza uso wake kwa aliyeviumba. Kinachotua si cha kushikiliwa. Ndiyo maana tumekatazwa kuswali pale jua linapochomoza na pale linapozama, tusifanane na wanaolisujudia. Swala ya Magharibi inaingia jua likishazama lote. Huyo mzee anapiga magoti dakika ileile ambayo sisi tumewekewa uzio.

Mama_Kibirizi
Nani kasema mzee anasujudia jua? Soma nilichoandika. Anasujudu kwa Mungu, jua liko mbele yake tu. Wewe nawe ukiswali kuna ukuta mbele yako, sijasikia mtu akisema unaabudu ukuta. Mtu mzima anaangalia uumbaji machozi yanamtoka, leo anaitwa mshirikina!

Mwana_Ujiji
Sijatamka neno mshirikina, umelitamka wewe. Nimesema uzio. Na Qur'ani yenyewe inataka tuangalie, inasema kupishana kwa usiku na mchana kuna ishara kwa wenye akili. Ishara unaitazama ukaendelea na safari. Mzee wenu ameketi kwenye ishara.

Mpima_Hewa
Niingie kidogo kwa upande wa elimu. Jua likiwa chini, mwanga wake unakata hewa nene mara zaidi ya 30 kuliko likiwa utosini. Bluu inatawanyika njiani, inayofika machoni ni nyekundu na chungwa. Hakuna siri hapo. Na huu wekundu wa Agosti na Septemba mnaousifia hapa Kigoma, sehemu kubwa ni moshi wa mapori na mashamba yanayochomwa Uvinza na Kasulu. Mnasujudia moshi, ndugu zangu.
Kama mnataka swali gumu, chukueni Krakatoa, mlima uliolipuka mwaka 1883 kule Indonesia. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi kwa mawimbi ya bahari, na vumbi lake likafanya machweo kuwa mekundu ajabu hadi Ulaya na Marekani, kwa miezi mingi. Waliotazama wakasema ni uzuri usio na mfano. Mungu alikuwa wapi, kwenye rangi au chini ya mawimbi pamoja na wale wafu? Anayejua anijibu.

Mkulima_Uvinza
Nimesoma mpaka hapo nikasimama. Uvinza imekukosea nini? Kila kiangazi wimbo ni huo, mkulima anachoma, mkulima anaharibu. Ekari tatu nasafisha kwa mkono na mke wangu, sina trekta, sina dawa ya magugu. Nachoma majani niliyoyakusanya, nasimama na tawi bichi mkononi mpaka yazime. Moto unaotembea wiki nzima porini si wa kwangu. Hata wahifadhi wenyewe huchoma miombo mapema, majani yakiwa bado na unyevu, ili kiangazi kikikolea usije moto mkali. Hao huwasemi.

Kijana_wa_Mwanga
Kaka Mkulima, usikasirike, lakini mkaa unaokuja mjini unatoka wapi? Si huko huko?

Mkulima_Uvinza
Na unapikia nani? Wewe! Ungeacha kununua gunia, tanuru lingezimika lenyewe. Ukimaliza kula unakwenda ufukweni na simu kupiga picha ya moshi wa mkaa wako, unaandika "Mungu ni mkuu".

Kijana_wa_Mwanga
Nipikie nini? Gesi ya mtungi mdogo ikiisha katikati ya mwezi nakopa. Mkaa nanunua kwa kopo. Nawe kama una njia ya bei hiyo ilete hapa. Mimi ni mpangaji, kuni mwenye nyumba hataki.

Mchunga_Ng'ombe
Nilijua tu. Bado kidogo atatajwa mfugaji, nimekuja kabla hamjafika. Ndiyo, wapo wenzetu wanaochoma ili majani mabichi yaote. Wapo pia warina asali wanaoacha mwenge nyuma yao. Na wapo wawindaji. Ila kesi ikifika kijijini anayekamatwa ni mwenye ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hafichiki na faini yake inalipika.

Mkulima_Uvinza
Hapo kwenye kulipika umesema kweli. Lakini mahindi yangu yaliyoliwa mwaka juzi hayakulipwa na mtu.

Mama_Kibirizi
Jamani. Nimeuliza habari ya mzee na Mungu, mmenijazia mkaa na mahindi.

Mpima_Hewa
Nisahihishe jambo kabla sijachomwa mimi mwenyewe. Moshi mwingi haupendezeshi anga, unaiua. Jua linakuwa sahani nyekundu iliyofifia, na linapotea kabla halijagusa milima. Rangi kubwa, zile za moto mbinguni, zinakuja hewa ikiwa safi, mara nyingi baada ya mvua, mawingu yakiwa juu na jua likiyapiga kwa chini. Kwa hiyo machweo bora ya Kigoma msiyatafute Septemba, yatafuteni mvua zikianza. Swali langu la Krakatoa bado liko pale.

Katekista_T
Mimi ndiye ninayesemwa kwenye "wenzangu", basi niseme kwa jina la kazi yangu. Sijawahi kukana kwamba mbingu zinahubiri. Ila Waebrania wameonywa wasiache kukusanyika pamoja. Mzee yule alikuwa anabeba wagonjwa na baiskeli yake kuwaleta ibadani. Alikuwa mtunza hazina wa mazishi. Tangu aanze kukaa kwenye mwamba, mambo hayo yamelala. Jua halikuombi chochote, Mama. Halikuombi mchango wa jeneza, halikwambii msamehe fulani. Mungu asiyenituma kwa jirani mimi simwamini, hata akija na rangi zote. Eliya alisimama mlimani, upepo ukapita, tetemeko, moto, na Bwana hakuwamo. Akaja kwenye sauti ndogo, na sauti ile ikamrudisha kazini.

Mama_Kibirizi
Kumbe shida ni baiskeli! Katekista, kwa nini hukusema hivyo kwenye kikao? Ulisema ameasi imani. Kuna tofauti kubwa kati ya kuasi na kuchoka.

Katekista_T
Usinigeuzie maneno mbele za watu. Nimesema upendo, wewe umesikia baiskeli.

Mke_wa_Mvuvi
Shikamooni nyote. Naomba nami nisikilizwe. Saa hiyo mnayoisifia ndiyo saa wanaume wetu wanaingia majini. Dagaa hawavuliwi mchana. Jua likizama taa zinawashwa, mitumbwi inatoka, nami narudi ndani na watoto. Upepo wa kusi ukiamka usiku silali. Kwa hiyo kwangu machweo ni saa ya woga, na uzuri wa Mungu nauona alfajiri, nikihesabu mitumbwi inayorudi. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, mume wangu alikuwepo nyumbani jioni zote. Tukakaa nje, tukaliangalia jua lote likizama bila hofu. Lilikuwa zuri, nakiri, nilimshukuru Mungu. Na sufuria lilikuwa tupu. Sasa ninyi mnaojua maandiko niambieni, niliona neema au niliona njaa?

Kijana_wa_Mwanga
Kufunga ziwa kulikuwa sawa, dada. Samaki walikuwa wanakwisha, na nchi zote nne zinazozunguka ziwa zilikubaliana.

Mke_wa_Mvuvi
Sijauliza kama kulikuwa sawa. Nimeuliza nililouliza.

Mwana_Ujiji
Dada, vyote viwili. Mtu anashukuru na tumbo linauma, na Mwenyezi Mungu anazisikia zote. Sina zaidi ya hapo na sitaki kukudanganya.

Mtu_wa_Fizi
Nawasoma kutoka Kentucky. Mnaandika "milima ya Kongo" kama pazia. Kule ni kwetu. Kijiji chetu kilikuwa ufukweni, na kwetu jua lilikuwa linachomoza majini, upande wa Tanzania. Bibi yangu alikuwa anaomba akilielekea. Mwaka 1996 tulivuka usiku, tukafika Kigoma, tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Tangu hapo jua langu limegeuka. Kila nilipopata ruhusa ya kushuka mjini nililiona likizama kwenye makaburi ya watu wangu, na watu pembeni wakisema tazama kazi ya Mungu. Nilitamani kuwanyamazisha. Mathayo anasema Mungu huwaangazia jua lake waovu na wema. Basi liliwaangazia pia waliotuchomea nyumba. Simkani Mungu, kanileta mpaka hapa. Lakini msiniambie yumo kwenye rangi ile. Mpima Hewa, swali lako mimi nimeishi ndani yake. Na Mama, nakuuliza, huyo mzee ni mtu wa ng'ambo?

Mama_Kibirizi
Pole sana, ndugu yangu. Hapana, si wa ng'ambo. Ni Mha wa Buhigwe, hana ndugu Kongo. Alimzika mkewe mwaka jana, ndipo akaanza kushuka ziwani. Na sitakuambia Mungu yumo kwenye rangi ukiwa unaona makaburi. Nitasema la kwangu tu: mimi nikiangalia pale napata nguvu ya kurudi kulea wajukuu. Kama hizo nguvu hazitoki kwake, sijui zinatoka kwa nani.

Mtu_wa_Fizi
Bibi yangu angekuelewa. Mimi bado.

Katekista_T
Habari ya mkewe naijua, nilimzika mimi. Mama, Alhamisi tuahirishe kikao. Twende kwa mzee wawili, mimi na wewe, bila daftari.

Mama_Kibirizi
Usiende nyumbani kwake, hutamkuta. Shuka ziwani saa kumi na mbili. Na ukifika usianze na Waebrania.

Katekista_T
Nitaanza na pole. Lakini la kukusanyika pamoja nitalisema, hata kama ni mwisho kabisa.

Mkulima_Uvinza
Sawa, nendeni, Mungu awatangulie. Ila aliyesema Uvinza inatia moshi mbinguni hajaniomba radhi. Na Kijana wa Mwanga hajanijibu: ukipata gesi ya bei nafuu utaacha mkaa, ndiyo au hapana?

Kijana_wa_Mwanga
Maharage je?