Ulinganisho: 50mm, 85mm, bodi yenye sensa kubwa au flashi? (Picha za watu wa kata, Canon 2000D)

pwani_potreti

Salaam wakuu. Kuna mpango wa kupiga picha za watu 20 wa kata moja hapa Bagamoyo, wale ambao kazi yao inagusa wengine: mkunga mstaafu, fundi wa majahazi, mwalimu wa madrasa, kocha wa timu ya wasichana, mama anayeongoza kikoba na wengine wa aina hiyo. Kila mmoja anapigwa nyumbani au kazini kwake, kisha picha zinachapwa A2 na kutundikwa. Kilichopo ni Canon 2000D na lenzi yake ya 18-55. Pesa inatosha njia moja tu kati ya hizi:

A. EF 50mm f/1.8 STM na rifleta (kitambaa cha kurudisha mwanga)
B. EF 85mm f/1.8 USM
C. Kuuza 2000D, kuongeza na kuchukua Canon 6D iliyotumika (bodi yenye sensa kubwa)
D. Kubaki na 18-55, kununua flashi ya Godox TT600, stendi na mwavuli

Vyumba vingi ni vya mita tatu kwa tatu na nusu hivi. Naomba sababu, si jina la lenzi tu.

FundiLenzi

Mkuu, umeshatoa jibu mwenyewe ulipotaja vipimo vya chumba. Piga hesabu: umbali wa kusimama ni urefu wa lenzi (ile namba ya mm) mara kimo unachotaka kiingie kwenye fremu, gawanya kwa upande mrefu wa sensa (kamera ikiwa wima). Sensa ya 2000D ina milimita 22.3 upande huo.

Kichwa na mabega, tuseme sentimita 60 za fremu: 50mm inataka mita 1.35, 85mm inataka mita 2.3.
Kiunoni kwenda juu, mita moja ya fremu: 50mm ni mita 2.25, 85mm ni mita 3.8.
Mtu mzima amesimama, mita mbili za fremu: 50mm ni mita 4.5, 85mm ni mita 7.6.

Sasa weka na mhusika. Hatakiwi kugusa ukuta, anahitaji angalau nusu mita nyuma yake, na wewe na kamera mnahitaji nafasi yenu. Kwenye chumba cha mita 3, 85mm inakupa vichwa tu, na mgongo wako uko mlangoni. Kwa fundi wa majahazi ufukweni ni lenzi tamu sana, lakini wahusika 20 hawako ufukweni wote. B toa. Isitoshe, ikiwa mpya bei yake ni mara tatu ya 50 au zaidi.

Na 18-55 usiitupe, ndiyo itakayopiga mtu mzima akiwa na mazingira yake ndani ya nyumba.

NyaliF4

Mimi natetea C. 6D ni ya mwaka 2012 lakini sensa yake bado inaheshimika: ISO 3200 yake (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga) inachapika bila aibu, wakati 2000D kwenye 1600 kivuli cha shavu kinaanza chengachenga. Nyumba za pwani zina madirisha madogo na nondo, giza ni jambo la kila siku. Pointi ya katikati ya 6D inashika fokasi kwenye giza ambalo 2000D inahangaika mbele na nyuma. Tena ina kipimo cha mwanga cha sehemu ndogo kabisa ya fremu, 2000D haina. Ndogo kuliko zote kwake ni ile ya kama asilimia 10 ya fremu.

FundiLenzi

Yote kweli, ila umeruka jambo moja. 18-55 ni EF-S, ile yenye alama ya mraba mweupe kwenye shingo. Haiingii kwenye 6D, sehemu yake ya nyuma imetokeza ndani na kioo cha bodi ya sensa kubwa kingeigonga. Zinazoingia ni za alama nyekundu ya duara. Kwa hiyo akinunua 6D anabaki na bodi tupu. Akiongeza 50mm, ile hesabu inageuka: kwa vichwa na mabega atasogea hadi sentimita 83 kutoka usoni, na hapo pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Atahitaji 85 ili arudi mita 1.4. Maana yake C kwa ukweli ni 6D na 50 na 85. Huo ni mradi mwingine.

Na uchapaji hauidai. 2000D inatoa pikseli 6000 upande mrefu. A2 ina inchi 23.4. Hiyo ni nukta 256 kwa inchi, na picha ya ukutani inatazamwa kutoka mita moja. 6D ina megapikseli 20.2, kwa hiyo kwa ukubwa wa picha unashuka, hupandi.

Kwa yeyote anayesoma uzi huu na bado anataka 6D ya mkononi: Canon haiandiki idadi ya shata (kamera imepiga mara ngapi) ndani ya faili la picha kama Nikon wanavyofanya. Inasomwa kwa programu kupitia waya wa USB, basi nenda na laptopu. Shata ya 6D imekadiriwa mizunguko 100,000. Lenzi imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma ukiwa umefungua tundu lote. Fangasi wa pwani huonekana kama nyuzi za buibui kwenye kioo cha ndani. Vumbi kidogo halina neno. Nyuzi, iache hapohapo, hata kama muuzaji anasema zinafutika.

Bi_Rifleta

A, na nitaeleza kwa nini rifleta ina uzito kuliko lenzi.

Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli. Chanzo kidogo cha mwanga (balbu, flashi tupu, jua la saa saba) kinaacha vidoa vyeupe vikali kwenye paji na pua, kwingine kote kunazama. Chanzo kikubwa kilicho karibu kinatandaza ule mng'ao kwenye shavu lote, na hapo ndipo mikunjo ya mzee wa miaka themanini inasomeka. Dirisha au mlango ulio wazi ndio chanzo kikubwa cha bure.

Utaratibu:

1. Zima taa zote za ndani. Mwanga wa dirisha na balbu ya njano havipatani, nusu ya uso itakuwa bluu au nusu itakuwa chungwa. Ikibidi utumie taa ya LED au tyubu, kasi ya shata iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50 na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, shata ya 1/250 itakuletea mistari.

2. Mkalishe mhusika mita moja kutoka dirishani, ubavu kwa dirisha, kisha mwambie ageuze uso kidogo kuelekea mwanga. Akirudi mita mbili unapoteza mwanga mwingi, usimwonee huruma kochi lake, lisogeze (kwa ruhusa).

3. Rifleta upande wa kivuli, sentimita 60 hadi 80 kutoka shavuni, upande MWEUPE. Wa fedha unawaumiza wazee macho na unaleta mng'ao wa bati. Ya sentimita 110 inatosha. Ukikosa, shuka jeupe lililobanwa kwenye kamba au kipande cha boksi jeupe la thermokoli kinafanya kazi ileile.

4. Anza na ISO 800, f/2.8 (tundu la lenzi, namba ndogo ni tundu pana), shata 1/125, RAW (faili ghafi), kamera kwenye M (unapanga mwenyewe). Kwa mwanga wa dirisha usishuke chini ya 1/125. Mzee akikaa kimya bado kichwa kinacheza, na 50mm hii haina kitulizi cha mtikisiko (IS). 18-55 zipo za aina mbili sokoni, yenye IS na isiyo nayo, soma maandishi kwenye pete. Hata ile yenye IS inatuliza mkono wako tu, si kichwa chake.

5. Tazama juu. Turubai la bluu, mabati ya kijani, ukuta wa rangi ya pinki: vyote vinamwaga rangi usoni, na hakuna programu itakayoitoa vizuri kwa sababu imeingia upande mmoja tu. Piga fremu moja akiwa ameshika kadi ya kijivu.

Mwalimu wa madrasa na kanzu yake ndiye atakayekusumbua. Kamera ikiona kanzu nyeupe inajaza nusu ya fremu inafunga mwanga, uso unakuwa kivuli. Washa onyo la sehemu zilizoungua, pandisha mwanga mpaka kanzu inakaribia kupepesa, ishie hapo. Uso ukiwa bado mzito usiendelee kupandisha. Funika nusu ya chini ya dirisha kwa kitambaa cheusi. Kanzu inapoa, uso unabaki na mwanga wake.

Jasho ni tishu, usipake poda.

kivuli_cha_mwembe

Nyongeza ya f/1.8, maana wengi wakinunua hii lenzi wanaifungua yote halafu wanalalamika lenzi mbovu. Ukiwa mita 1.5 na 2000D:

f/1.8: kina cha fokasi (sehemu inayotoka kali) kama sentimita 6
f/2.8: kama 10
f/4: kama 14

Kutoka jicho hadi sikio ni sentimita kumi hivi. Sentimita 6 maana yake jicho la karibu kali, la mbali limelainika, na mhusika akivuta pumzi tu umeikosa. Kwa A2 piga f/2.8 hadi f/4. Hiyo 1.8 ni akiba ya giza: 18-55 kwenye 55 inaanzia f/5.6, ukifungua 50 hadi f/2 unapata stopu tatu (kila stopu ni mwanga mara mbili), ISO 3200 inakuwa 400. Hapo ndipo hoja ya NyaliF4 kuhusu giza inapungua nguvu.

2000D ina pointi 9 za fokasi na ya katikati pekee ndiyo ya msalaba (inasoma mistari ya wima na ya mlalo). Ukishika jicho kwa ya katikati kisha ukazungusha kamera kupanga fremu, bapa la fokasi linahama nyuma ya jicho. Tena bodi hii haina marekebisho ya fokasi ya lenzi kama 6D. Dawa ni Live View (kutazama kwenye skrini ya nyuma): kuza mara 10 kwenye jicho la karibu, shika fokasi, piga. Ni ya polepole, lakini inasoma kwenye sensa yenyewe kwa hiyo haidanganyi. Mhusika amekaa kwenye kiti, haraka ya nini.

pwani_potreti

Shukrani sana. Bi_Rifleta, vipi kuhusu D? Kuna nyumba mbili dirisha ni la kichochoroni, mwanga haufiki kabisa.

triga_bubu

Kabla hujanunua flashi yoyote, tazama kiatu cha flashi juu ya 2000D. Kwenye bodi nyingi kuna kitone kikubwa cha chuma katikati na vidogo pembeni. 2000D, kama 4000D na 250D, hakina cha katikati. Kile ndicho kinachorusha flashi na triga (kifaa cha kufyatua flashi ya mbali) zote za kawaida. TT600 inategemea kile tu, kwa hiyo ukiiweka juu ya kamera yako haitawaka kamwe. Watu wanairudisha dukani wakidhani imekufa.

Njia zilizopo:

Triga ya Godox X2T ya Canon (herufi ya mwisho ya jina iwe C). Inatumia vile vitone vidogo vya Canon na ina uwezo wa kurusha kwenye bodi hizi. TT600 ina kipokezi chake cha redio ndani, inakaa kwenye stendi. Nenda na kamera dukani, jaribu pale pale, na uliza kama programu ya triga ni mpya.

Au TT685 ya Canon, inayosoma vitone hivyo moja kwa moja. Ghali zaidi.

Au bila triga: TT600 iweke S2 (hali ya kufuata mwanga wa flashi nyingine), flashi ndogo ya kamera iifyatue kwa mwanga, punguza hiyo ndogo hadi -2. S1 itakosea kwa sababu Canon inarusha mmweko wa kupimia kabla ya ule wa kweli. Ndani ya chumba inafanya kazi, nje juani sahau.

Kwa nyumba za kichochoroni: mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, sentimita 100, mita moja kutoka usoni, juu kidogo ya macho, nyuzi 45 pembeni. Anza na flashi kwenye 1/8 ya nguvu yake, ISO 100, f/5.6, shata 1/160 (usipite 1/200, utepe mweusi utaingia). Betri nne za AA za kuchaji, za NiMH. Mwenye miwani, inua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio ili vioo viiname, na pandisha mwavuli. Nje, upepo wa bahari utauangusha hata ukiwa na mfuko wa kilo tano za mchanga, tafuta mtu aushike.

Bi_Rifleta

Nakubaliana na triga_bubu. Ila kwa nyumba mbili kati ya ishirini mimi ningemtoa mhusika barazani badala ya kununua mfumo mzima. Baraza lenye paa na uwanja mweupe mbele yake ni studio. Seydou Keïta kule Bamako alifanya kazi yake kubwa uani, kwa mwanga wa mchana na kitambaa chenye maua nyuma ya mteja. Khanga mbili zilizopigwa pasi zinatosha, na mwenye nyumba achague mwenyewe ni ipi. Mikunjo ya kukunjwa kabatini inaonekana kwenye A2, chukua pasi.

msomaji_wa_sheria

Chapeni na fomu ya ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Kenya ni Data Protection Act ya 2019. Karatasi moja ya Kiswahili: picha itatumika wapi, kwa muda gani, itawekwa mtandaoni au la, na namna ya kujitoa. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi wake. Wasichana wa timu walio chini ya miaka 18, sahihi ni ya mzazi. Na kwa mkunga, hakikisheni hakuna mama wala kadi ya kliniki nyuma yake.

NyaliF4

Nimekubali, A. Triga ije baadaye kama baraza likishindikana.

Kuhusu uchapaji: skrini ya laptopu ikiwa na mwanga wote, utaona picha iko sawa, karatasi itatoka giza, na kwenye ngozi nyeusi ndipo inapoumiza. Shusha skrini hadi karibu nusu kabla ya kuhariri. Usiagize A2 ishirini kwa mpigo. Kata kipande cha uso kwa ukubwa uleule kitakaokuwa nao kwenye A2, kiweke kwenye karatasi ya A4 isiyong'aa, chapisha matoleo matatu: lilivyo, lililopandishwa theluthi moja ya stopu, na theluthi mbili. Yatazame ukutani pale yatakapotundikwa, kwa taa za pale. Lile ambalo shavu la kivuli bado linaonyesha ngozi na si doa jeusi, ndilo la kupeleka kwa mchapaji.